Mama, niliandika 20 bila kuhesabu

Shikamoo Mama,

Nasoma majibu yako tangu nikiwa mwaka wa kwanza, na sikuwahi kufikiri siku moja nitakuandikia mimi. Sasa niko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Imebaki miezi mitatu nimalize mafunzo kwa vitendo, nifanye mitihani ya mwisho, kisha niitwe muuguzi kamili. Nyumbani wameshaanza kuniita nesi. Nikiitwa hivyo tumbo linanikata.

Nikueleze yaliyotokea, maana nikisema "naogopa" tu haitoshi.

La kwanza ni dawa. Nilikuwa wodi ya watoto. Kulikuwa na mtoto mchanga wa kilo 4, ameandikiwa antibiotiki ya jentamaisini, miligramu 20. Siku mbili za mwanzo ampuli zilizokuwepo zilikuwa za miligramu 20 katika mililita 2, kwa hiyo nilikuwa navuta ampuli nzima. Siku ya tatu zilikuwa zimeletwa nyingine, za miligramu 80 katika mililita 2. Ujazo uleule. Nikavuta mililita 2. Nilikuwa nimeshafika kitandani, mkono uko kwenye kanula, ule mrija wa kupitishia dawa mshipani, sista wa zamu akanishika kifundo cha mkono akasema, "Soma ampuli." Nikasoma. Sauti ikakataa kutoka. Halafu akaanza kunifokea mbele ya mama wa mtoto na wodi nzima: "Hivi huko chuoni mnafundishwa nini? Unataka kuua?" Yule mama alimkumbatia mtoto wake akanigeuzia mgongo. Siku zote zilizobaki hakukubali nimguse mtoto. Na alikuwa na haki.

La pili ni kifo. Kuna mzee mmoja nilimhudumia wiki mbili wodi ya wanaume. Nilikuwa namwogesha, namgeuza, namkata kucha. Kila asubuhi aliniuliza kama nimelala vizuri. Yeye mgonjwa, ananiuliza mimi. Alifariki saa kumi alfajiri nikiwa zamu. Tukamsafisha, tukamfunga, na haikupita saa moja kitanda kikawa na mgonjwa mwingine. Nilienda kulia kwenye stoo ya mashuka. Muuguzi mmoja akanikuta akasema, "Utazoea." Nadhani alitaka kunifariji. Lakini tangu siku hiyo naogopa mambo mawili yanayopingana. Naogopa sitazoea, nitavunjika. Na naogopa nitazoea, niwe mtu wa kutandika kitanda cha marehemu huku napiga soga.

Halafu kuna usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wagonjwa 34, nikaambiwa nimalize kujaza chati za vipimo kabla ya kukabidhi zamu, muda ukawa umeisha, wawili wa mwisho nikawaandikia kwa kuangalia vipimo vyao vya jioni, na pumzi 20 kwa dakika kama kawaida. Wote huwa wanafanya hivyo.

La nne ni simu. Siwezi kumpigia daktari usiku. Mara moja nilitumwa nimpigie, akauliza, "Unataka nini hasa?" nikasahau hata jina la mgonjwa. Nikianza kazi nitakuwa peke yangu. Nani atapiga?

Na kuna mengine madogo madogo: kuchomwa na sindano, zamu za usiku (sijui kulala mchana), na wenzangu ambao wanaonekana hawana hofu kabisa. Wao wanafurahi kumaliza. Mimi nahesabu siku kama mtu anayesubiri hukumu.

Swali langu ni moja. Mtu mwenye hofu kiasi hiki anafaa kuwa muuguzi, au nijitoe mapema kabla sijamdhuru mtu? Niambie ukweli, Mama, usinifariji tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

MAMA ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kwenye mara ya pili ndipo nilipoona kitu. Umeandika la kwanza, la pili na la nne. La tatu hukulipa namba. Umelipitisha katikati kwa sentensi moja ndefu, ukalifunika kwa "wote huwa wanafanya hivyo", kisha ukakimbilia kwenye simu. Nimekaa wodini miaka 31 kabla ya kustaafu, na naijua namna hiyo ya kusimulia, kwa sababu hata mimi nimewahi kusimulia hivyo. Nitaanza na hilo. Nadhani ndilo linalokukata tumbo ukiitwa nesi.

Hiyo 20 naifahamu. Sijawahi kufanya kazi wodi ambayo haikuwa nayo. Shinikizo la damu mtu atalipima, kwa sababu lazima afunge mkanda mkononi mwa mgonjwa na mashine imwambie kitu. Joto atapima. Pumzi ni wewe na saa yako: unasimama dakika nzima unatazama kifua cha mtu kikipanda na kushuka, na dakika nzima alfajiri, ukiwa na wagonjwa 34, ni ndefu mno. Basi inaandikwa 20, au 18 kwa anayetaka ionekane imehesabiwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo 20 ni namba ya amani. Haimwamshi daktari na haimletei mtu maswali.

Mimi niliiandika mara tatu kwa usiku mmoja. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mgonjwa alikuwa mwanaume wa makamo mwenye nimonia. Chati yake ya usiku ule ina mwandiko wangu: saa mbili 20, saa sita 20, saa kumi 20. Mara zote nilimtazama usoni nikaona amefumba macho, nikasema amelala. Asubuhi mwenzangu aliyeingia zamu alisimama pale na saa yake akahesabu 36. Shinikizo la damu lilikuwa bado zuri. Darasani nilikuwa nimefundishwa, na mtihani niliujibu vizuri kabisa, kwamba mwili ukianza kuzidiwa, upumuaji mara nyingi hubadilika mapema, wakati vipimo vingine bado vinatulaghai. Nilikuwa najua jibu, lakini sikuwa nimesimama dakika moja. Walimkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona baada ya siku nyingi, na siku ya kuondoka alitushukuru wote, akanishika na mimi mkono. Mkono ule bado naukumbuka.

Mwaka 2012, Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kilitoa mfumo wa alama wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa. Katika mfumo huo, pumzi 25 kwenda juu hupewa alama 3, na hakuna kipimo kimoja kinachoweza kupewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba ambayo sisi tuliifanya ya kujazia nafasi ndiyo ingeweza kupiga kengele. Kwenye chati yangu ilikuwa imezibwa mdomo.

Aliyekuambia ujaze chati si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mlikuwa wawili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na bado kulikuwa na upungufu wa milioni 5.8. Ukiwa wodini upungufu huo huuoni kama milioni. Unauona kama wagonjwa wawili wa mwisho ambao hukuwafikia. Una haki ya kukasirika, na ukishaajiriwa ungana na wenzako mliseme kwa sauti. Ila angalia tulichofanya, wewe na mimi, na hao "wote". Tulipoandika 20, tulimwambia anayeingia zamu kwamba hao wako salama, aanze na wengine. Na tuliuambia uongozi kwamba watu wawili wanatosha kwa wagonjwa 34, kwa maana chati zote zimejaa. Nafasi tupu yenye maneno "haikupimwa", saa, sababu na sahihi yako ingesema ukweli kwa wote wawili.

Ukiwekwa tena pale, sema hivi, kwa adabu na bila kutetemeka: "Sista, kitanda 33 na 34 sijawapima. Niwapime sasa tuchelewe kukabidhi, au niandike hawajapimwa nimwambie anayeingia aanze nao?" Hujamshutumu mtu. Umempa njia mbili, na zote ni za kweli. Kuna watakaokunja uso. Lakini sijakutana na sista aliyenijibu kwa kinywa chake, mbele ya watu, "Andika uongo."

Sasa dawa. Unajilaumu kana kwamba hujui hesabu. Hesabu unaijua: kilichoagizwa, gawanya kwa kilichomo, zidisha kwa ujazo. Ishirini kwa themanini, mara mbili, nusu mililita. Ungeulizwa darasani usingekosea. Kosa lako lilikuwa kwamba mkono wako uliikumbuka ampuli ya jana, na jicho halikuisoma ya leo. Hilo ni kosa la mtu anayeanza kuzoea, na wazoefu hulifanya sana, kwa hiyo usidhani litaisha ukishaajiriwa. Dawa yake ni ya zamani: soma lebo mara tatu, unapoitoa kwenye rafu, unapoivuta, na kabla hujaitupa ampuli. Soma kwa midomo ikibidi. Mimi nilisoma kwa midomo mpaka siku ya kustaafu, na wapo walionicheka.

Kwa watoto, na kwa dawa kali kama insulini, heparini na mofini, omba mtu wa pili. Lakini usimwonyeshe jibu lako ukamuuliza "sawa?" Mtu akionyeshwa jibu hukubali. Mpe agizo na ampuli, mwache apige hesabu yake, kisha mlinganishe. Na andika sifuri mbele ya nukta, 0.5, usiandike nukta 5 peke yake. Nukta hupotea kwenye karatasi, na dozi inakuwa mara kumi. Kwa sababu hiyohiyo, tano iandikwe 5, isiandikwe 5.0.

Tena kuna jambo ambalo hukuniambia kama mlilifanya: je, tukio lile liliandikwa? Ampuli mbili zenye ujazo sawa na nguvu tofauti zimeingia wodi moja, tena ya watoto. Huo ni mtego, na umeuona kabla haujanasa. Dozi mara nne ya jentamaisini ni jambo la kuogopesha kwa figo na masikio ya mtoto wa kilo 4. Hospitali nyingi zina fomu ya matukio, hata yale yaliyonusurika. Kama haikujazwa, bado inafaa. Kesho atakayevuta ampuli ile anaweza asiwe na mtu wa kumshika mkono.

Kuhusu yule sista. Alifanya mambo mawili, nawe umeyafunga pamoja kama kifurushi. Alikushika mkono akasema "Soma ampuli". Huo ulikuwa uuguzi bora kabisa. Hakukunyang'anya, alikufanya uone mwenyewe. Kisha akakufokea mbele ya mama, na hapo alikosea. Aliharibu imani ya mama kwa wodi nzima, na alikufundisha kwamba kukosea ni aibu ya kufichwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuficha ndiye ninayemwogopa kuliko mwanafunzi asiyejua dozi. Nataka umfuate siku ambayo wodi imetulia umwambie: "Sista, siku ile ulinizuia, nakushukuru. Nisaidie kitu kimoja, nikikosea niite pembeni, nitasikia zaidi." Wengi watalainika, kwa sababu wengi wao walifokewa hivyohivyo na hawajawahi kuona njia nyingine. Asiyelainika, akaendelea kukuaibisha siku baada ya siku, andika kumbukumbu: tarehe, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Ipeleke kwa mkufunzi wako. Kuvumilia matusi hakumo kwenye mtaala.

Simu ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu tatizo lako pale lilikuwa kupiga kabla ya kupanga. Kuna mpangilio uliotoka kwa mabaharia wa nyambizi za Jeshi la Wanamaji la Marekani, ukaingia hospitalini, na sasa unafundishwa sehemu nyingi duniani: hali ya sasa, historia fupi, tathmini yako, ombi lako. Mabaharia walihitaji kusema jambo zito kwa maneno machache bila mkubwa kulazimika kuuliza "unataka nini hasa". Kabla ya kushika simu, simama kitandani, pima upya, shika jalada, andika mistari minne kwenye karatasi. Kisha isome tu:

"Daktari, naitwa fulani, muuguzi wa wodi ya wanaume. Kitanda cha 12 anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni yake 88. Alilazwa jana na nimonia, yuko kwenye antibiotiki, saa nne zilizopita alikuwa anapumua mara 22. Naona anazidiwa. Naomba uje umwone sasa, na wakati nakusubiri, nimwongezee oksijeni?"

Ona lile "naona anazidiwa". Wanafunzi huliogopa hilo, wanadhani tathmini ni mali ya daktari. Wewe ndiye uliyesimama pale. Na akikujibu kwa ukali, basi amekujibu kwa ukali; mgonjwa wa kitanda cha 12 hajui kama ulifokewa. Ukiona hakuridhishi, mpigie aliye juu yake, na umwambie sista wa zamu unafanya hivyo. Jizoeze na mwenzako mchana, mmoja awe daktari mwenye usingizi. Mara kumi tu, na ulimi utaizoea njia.

Nimefika kwa mzee wako.

Nimeandika aya hii nikaifuta mara kadhaa, kwa maana hapa sina mbinu ya kukupa kama ya ampuli. Neno "utazoea" nililiambiwa pia. Baadaye nikaja kuona kwamba linachanganya vitu viwili. Mikono itazoea. Utajua kufunga macho ya marehemu kwa upole, kunyoosha viungo mapema kabla mwili haujakakamaa, kuzungumza na ndugu bila kukwepa neno "amefariki". Hilo la mikono ni jema, lipokee, kwa sababu ndugu wa marehemu wanakuhitaji usitetemeke. Lakini kuhuzunika hakuna sababu ya kukuisha. Nimewahudumia wengi waliokufa na siwakumbuki wote. Wachache ninawakumbuka mpaka leo, na sijaona kwamba kuwakumbuka kuliniharibia kazi.

Kinachowafanya watu wapige soga juu ya kitanda cha marehemu mara nyingi si ugumu wa moyo. Ni kwamba hawakupewa hata dakika moja kati ya kifo na mgonjwa anayefuata, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaanza kujilinda kwa kelele. Muuguzi mmoja wa Marekani, Jonathan Bartels, aliyekuwa akifanya kazi chumba cha dharura, alianza kuwaomba wenzake wasimame kimya kidogo mgonjwa anapofariki, kila mtu kwa imani yake au bila imani, kumheshimu aliyeondoka na kazi iliyofanyika. Desturi hiyo imeenea katika hospitali nyingine. Haihitaji kibali cha mtu. Mkiwa wawili kitandani, sema, "Tusimame kidogo." Taja jina lake. Kisha endeleeni.

Na kule kumkata kucha yule mzee, usikuweke kwenye hesabu ya mambo madogo. Alikuuliza kama umelala vizuri kwa sababu kwa wiki mbili hukumfanya ajisikie kitanda namba fulani. Kufariki kwake hakufuti hilo. Ukilia tena, lia, ila usiende stoo peke yako kila mara, tafuta mtu mmoja unayemwamini kazini umwambie, "Leo nimepoteza mgonjwa, nisikilize dakika tano." Huzuni ikikufuata wiki kwa wiki, ukawa hulali wala huli, hiyo usiiite udhaifu wala usiisubiri ipite. Nenda kamwone mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo ungemwelekeza mgonjwa wako.

Yale madogo niyapitie haraka. Sindano: usiirudishie kifuniko, itupe wewe mwenyewe, palepale, kwenye kisanduku chake, na kisanduku kisijazwe kupita alama. Kamilisha chanjo ya homa ya ini B sasa hivi kabla hujaanza kazi, usisubiri mwajiri, kwa sababu kwa asiyechanjwa virusi vile huambukiza kwa kichomo kirahisi kuliko VVU. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Hatari ya VVU kwa kichomo kimoja chenye damu ya mwenye maambukizi ni takriban watu 3 kwa 1,000, na dawa za kinga zikianzwa mapema, ndani ya saa chache na zisizidi 72, hupungua sana. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoona haya kusema. Usiku: lala kidogo mchana kabla ya zamu ya kwanza, fanya chumba kiwe giza kabisa, waambie wa nyumbani kwamba usingizi wa mchana ni kazi, na usiendeshe chombo ukiwa unasinzia.

Wenzako wasio na hofu niachie mimi. Nimefundisha wanafunzi wengi wodini, na wengi wa waliocheka sana wiki ya mwisho nilikuwa nawakuta chooni wiki ya kwanza wakilia.

Umeniuliza kama mwenye hofu hii anafaa, ukasema nisikufariji. Basi nikujibu. Mwaka 1974 mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, aliita hali hii mshtuko wa uhalisia: mtu anatoka chuoni na uuguzi kama unavyopaswa kuwa, anakutana na uuguzi kama ulivyo. Alionyesha kwamba mwanzo huwa kama fungate, kila kitu kinapendeza, kisha mshtuko unakuja baada ya mtu kuzama kazini. Wewe umeshtuka kabla ya kuajiriwa, ukiwa bado na mkufunzi, na hiyo ni nafuu kubwa ingawa huioni. Muuguzi mwenzake, Patricia Benner, alieleza mwaka 1984 hatua tano kutoka uanagenzi hadi ubingwa, na hatua ya tatu tu, ya mtu kuweza kupanga kazi yake na kujitegemea, aliiweka kwenye miaka miwili hadi mitatu ya kazi ya aina moja. Hakuna anayetarajiwa kuwa na uhakika siku ya kwanza. Mwajiri akikuweka peke yako na wodi nzima mwezi wa kwanza, kosa ni lake, na unaruhusiwa kusema, "Hili sijawahi kulifanya, nahitaji mtu wa kusimama nami." Uliza hilo kwenye usaili kabisa: nani atanisimamia, kwa muda gani. Usichague wodi kwa sifa zake. Chagua penye mtu wa kukufundisha.

Hofu yako ya dawa inakufaa, itakufanya usome lebo. Ya simu itaisha. Ya kifo utaibeba, na nakuombea usiipoteze yote. Ila ukiendelea kulificha lile la chati, nitakuambia ukweli ulioutaka: hilo linaweza kukutoa kwenye uuguzi ukiwa bado umevaa sare. Leo wawili, mwezi ujao chumba kizima, na utakuwa unaandika vizuri sana.

Kwa hiyo sitaki ujitoe. Nataka uende kwa mkufunzi wako wiki hii. Usianze na mazingira wala na "wote". Anza na: "Niliandika vipimo vya wagonjwa wawili bila kuwapima." Taja usiku ule na vitanda, ili majalada yao yaangaliwe na ijulikane waliamkaje, naamini na wewe hilo unalitaka kulijua kuliko jibu langu. Akitaka kuandika taarifa, muulize sehemu yako ni ipi, uiandike kwa mkono wako. Inaweza kukugharimu onyo. Akikuuliza kwa nini ulikaa kimya muda wote huu, mwambie uliogopa. Kisha muombe asimame nawe wodini asubuhi moja, wewe na saa yako, umhesabie mgonjwa mmoja mmoja dakika nzima, kuanzia kitanda cha kwanza.